Mjomba Aliyelia Kwenye Ndoa Yangu Nimemkuta Amevaa Sare za Polisi

Admin, naomba unifiche kabisa, maana Mwanza tunajuana na nikigundulika kuna mtu atapoteza maisha. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, Muislamu, nimeolewa na nina ujauzito ambao umeanza kuonekana. Nashona mapazia, nina fremu yangu ya duka hapa Nyamagana. Naandika haya mume wangu akiwa sebuleni anaangalia mpira, na kila akicheka najiuliza kama hata hicho kicheko ni chake kweli.

Wazazi wetu walifariki nikiwa mdogo. Aliyenilea ni kaka yangu, ambaye aliacha shule akaenda kubeba samaki mwaloni, boti zinaposhushia, ili mimi nisome. Baadaye akaingia kwenye biashara ya dhahabu inayotoka upande wa Geita. Kwamba wanaivusha ziwa kwa magendo, chini ya tajiri mmoja ambaye hata jina lake watu hawalitaji, nilikuja kulijua ukubwani. Nilinyamaza. Huyo ndiye baba niliyemjua.

Mume wangu nitamwita Idi. Alikuja kwetu kama fundi wa injini za boti. Alitengeneza injini ya kaka iliyokuwa imewashinda wengine, na kaka akampenda mpaka akawa anakula kwetu. Mpole, anaswali, hana maneno mengi. Alipoleta posa, kaka alifurahi kuliko hata mimi. Idi alisema wazazi wake walishafariki, akaja mjomba wake kutoka Kigoma kumsimamia. Yule mzee siku ya nikah alimuelezea marehemu baba yake Idi mpaka akatoa machozi, na sisi tukalia naye.

Majuzi nikapeleka mapazia Nansio kwa mteja mwenye nyumba ya wageni. Nimetoka kununua maji, naona gari linasimama, anashuka mzee amevaa sare za polisi, na askari waliokuwa pale wakampigia saluti. Ni mjomba! Kwa mazoea nikamsogelea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, binti," akajibu huku anatabasamu. Kisha akaniona vizuri, na lile tabasamu likafa. "Dada, umenifananisha."

"Mjomba, ni mimi, mke wa Idi."

"Simjui Idi." Akaingia ndani. Askari mmoja akabaki ananitazama mpaka nilipoondoka.

Nilirudi Mwanza bila kumwambia mume wangu. Jioni tunakula, akauliza bila kuinua macho, "Nansio ulikutana na mtu yeyote?" Nikasema hapana. Akasema "Sawa," akajiongezea mboga. Hajawahi kuniuliza swali la namna hiyo. Tangu hapo namchunguza. Simu nyingine anakwenda kuzipokelea uani. Akinikanda miguu ananiuliza kaka anasafiri lini, anaongozana na nani. Zamani nilidhani anamjali shemeji yake.

Siku chache baadaye kaka akaja dukani, akafunga mlango wa kioo, akakaa juu ya jora la kitambaa.

"Mdogo wangu, mzigo wetu umekamatwa kivukoni Kamanga. Walikuwa wanatusubiri. Kuna mtu anatuchoma. Wewe kwao Idi umeshawahi kufika?"

"Bado, kaka."

"Tajiri amesema Ijumaa baada ya swala niende na Idi kisiwani, kuna injini ya kutengeneza. Kama kuna unachokijua, niambie hapa hapa."

Ndugu zangu, kuna mtu mwingine alishawahi kuitwa kisiwani hivyo hivyo. Tuliambiwa amezama. Nikamjibu kaka kwamba sijui kitu. Aliniangalia, akanyanyuka, akaondoka bila kuaga.

Usiku ule sikuweza kuvumilia. Nikamuuliza Idi, "Uliniona mimi ukanioa, au ulimuoa kaka yangu?" Nilitegemea akasirike au acheke. Alizima redio, akakaa chini sakafuni.

"Kwa kaka yako nilitumwa," akasema. "Kwako sikutumwa."

"Na jina?"

"Siyo hilo."

"Ni lipi basi?"

"Nikikuambia, siku wakikubana utalitaja." Nikamsihi asiende hiyo Ijumaa. Akasema asipokwenda atakuwa amejitangaza mwenyewe.

Ijumaa wameshatoka msikitini, boti iko tayari, nikampigia kaka nikilia kwamba natokwa na damu. Nilidanganya, Mungu anisamehe. Wote wawili waliacha safari wakakimbilia hospitali. Kaka akakaa upande mmoja wa kitanda, mume wangu upande wa pili, na kila mmoja ameshika mkono wangu. Daktari akasema mtoto hana shida yoyote. Kaka akamtazama Idi, akanitazama na mimi, na nikaona ameelewa nilichofanya.

Akaniinamia sikioni: "Umemchagua yeye. Safari imeahirishwa tu, haijafutwa. Bado nakusubiri useme."

Tulipofika nyumbani Idi naye akaniomba ninyamaze kidogo tu, wenzake wako karibu kuwakamata wote. Nikamuuliza, na kaka je? Akasema, "Nitamuombea nafuu." Hakusema ataiomba kwa nani.

Nikisema ukweli kwa kaka, mtoto wangu anazaliwa yatima. Nikinyamaza, aliyenilea anafungwa pengine mpaka anazeeka, na nitakuwa nimemkabidhi mimi. Kumwambia kaka akimbie nako ni kumwambia mume wangu ni nani. Halafu najiuliza kama hata nikah yangu ni halali, iliyofungwa kwa jina la mtu asiyekuwepo. Shekhe naogopa kumuuliza, maana anaswali na kaka.

Mpira umeisha, namsikia anazima taa za sebuleni. Kaka ametuma ujumbe kwamba kesho asubuhi anapita dukani na anataka jibu. Wenye hekima, na hasa mliowahi kusimama katikati ya damu yenu na ndoa yenu, nipeni ushauri kabla sijafungua duka: nimjibu nini?