Balbu ya Mwalimu Sifael

Mwalimu Sifael wa Nkoaranga alifundisha sayansi miaka ishirini na minane, na umeme mwingi aliofundisha ulikuwa wa chaki. Alipostaafu, mwaka 1995, nguzo za umeme zilikuwa hazijapanda hadi kwake, lakini maduka ya Arusha siku hizo yaliuza kila kitu, hata betri za gari kwa watu wasio na gari. Akanunua moja, na balbu ya volti kumi na mbili, akaagiza fundi.

Fundi aliyepanda kilima na begi la koleo alikuwa Aikande, mwanafunzi wake wa zamani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," alijibu, akitazama viatu vyake mwenyewe.

Alimkumbuka. Mwaka 1977 mwalimu aliuliza darasani: ukibadilisha nyaya za betri, chanya mahali pa hasi, balbu itawaka? Aikande akaandika kwamba itawaka. Mwalimu, aliyejua kuwa redio ukiigeuzia betri hunyamaza, alimchapa viboko viwili na kumsimamisha mbele ya wenzake hadi kengele.

Aikande alifunga nyaya. Balbu ikawaka.

"Umeangalia chanya na hasi?" mwalimu aliuliza, kwa mazoea.

Aikande alirudi kwenye betri. Alifungua nyaya, akazibadilisha. Balbu ikawaka vilevile, bila adabu.

"Umeme wa mjini hugeuka huku na huku mara hamsini kwa sekunde, mwalimu, na balbu zake hazilalamiki. Huu wa betri unakwenda upande mmoja tu. Kwa balbu ni mamoja, mradi uzi wake upate moto. Ugomvi uko kwenye volti: balbu hii ukiipeleka mjini itaungua papo hapo."

"Mkondo geu na mkondo mnyoofu," mwalimu alinong'ona. Majina alikuwa nayo siku zote.

Mkewe, Magdalena, aliweka chini sufuria. "Baba, si ndicho kile kisa ulichokuwa ukituchekesha nacho? Cha binti wa nyaya?"

"Ndiye huyu."

"Yamepita, mama," alisema Aikande, akifunga begi.

Hayakupita. Wiki nzima mwalimu alikula kwa mwanga wa kibatari, nyaya za betri zimefunguliwa, mpaka Magdalena akauliza kama balbu nayo imesimamishwa mbele ya darasa.

Jumapili, baada ya ibada, watu walibaki uani mwa kanisa kwenye mnada wa sadaka za mazao na kuku. Mwalimu alinunua mkungu wa ndizi, kisha akagoma kuondoka mbele.

"Mwalimu, pisha, kuna kuku," alisema mnadishaji.

"Nina neno. Aikande nilimchapa kwa jibu sahihi. Asiyejua nilikuwa mimi. Nikalifanya kichekesho miaka kumi na minane."

Mnadishaji akaacha kelele zake. Kuku tu ndiye aliyeendelea. Kisha Fanuel, aliyesoma darasa lile, akapaza sauti kutoka nyuma:

"Na mimi je, mwalimu? Nilikula viboko vyangu kwa kunakili kwake!"

"Vyako vilikuwa halali," alisema Aikande.

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alimpelekea Aikande ule mkungu, na Aikande akaupokea kwa mikono miwili.

Jioni Magdalena aliunganisha nyaya. Mwalimu hakuuliza ipi ni chanya.