Mama Dobi na Watu Wake wa Alhamisi

Kanisani kwetu kuna chumba cha ushauri chenye zulia na viti viwili vinavyotazamana. Niliingia humo mara moja, nikakaa dakika kumi, nikaaga nikisema nimeacha kopo la rangi wazi. Mimi ni fundi rangi. Naipenda kazi yangu kwa sababu ukuta haukuulizi kitu.

Mchungaji hakukasirika. "Basi nenda kule nyuma kwa Mama Dobi," alisema. "Alhamisi ndiyo siku yake ya watu."

Mama Dobi ni mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, anayefua mashuka ya zahanati ya kanisa katika banda la bati. Kanisa lilimsomesha ushauri, na cheti chake kinaning'inia juu ya ndoo za sabuni. Meza hana. Anakupa ncha mbili za shuka, yeye anashika nyingine mbili, mnakamua. Wakati mnakamua unaongea ukipenda, na hakuna anayekukodolea macho.

Kilichonipeleka ni mke wangu. Alikuwa kwa dada yake, huo ukiwa mwezi wa pili tangu aondoke. Sikumpiga wala sikumfukuza. Nilinyamaza tu. Nikiudhika huwa nanyamaza siku tatu, hata wiki, na mara ya mwisho zilifika siku kumi na tisa. Aliondoka na begi lake akisema, "Nimechoka kuishi na kabati. Siku ukipata la kuniambia, unajua nilipo."

Mama Dobi aliomba kwa ufupi, mikono ikiwa na povu. "Bwana, mtu wako huyu hapa. Asikimbie." Kisha akanipa shuka.

Alhamisi mbili tulikamua bila neno. Ya tatu nikamwambia kwamba marehemu baba yangu alikuwa mkali, lakini nimekwishamsamehe. Nilisimama mbele ya kanisa nikasema hivyo, tena mara tatu, na mara zote watu walipiga makofi.

"Ulimsamehe nini?" akauliza.

"Yote."

"Yote ndiyo nini? Mimi silijui doa linaloitwa yote."

Akanionyesha shuka kavu. Kila penye doa alikuwa amepitisha uzi mwekundu, kwa sababu shuka likishalowa doa halionekani, unaweza kusugua pembeni yake asubuhi nzima. Nikasema sijui nianzie wapi.

"Kama kuniambia mimi ni kazi, mwambie Mungu," alisema. "Mimi nitajifanya nashughulika na jiko."

Akanipa mgongo, akaanza kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Nikasema. Nilikuwa na miaka tisa. Jirani aliniuliza kwa nini mama anachechemea, nikamwambia ukweli, kwamba baba alimpiga. Baba alipopata habari alinifungia stoo, siku mbili. Lakini kilichonikaa si baba. Chini ya mlango palikuwa na uwazi, na usiku na mchana niliiona miguu ya mama. Alikuja, akasimama, nikamwita. Hakujibu, wala hakufungua. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari, hapo hapo aliposimama. Baada ya hapo sikuona faida ya kumwambia mtu kitu. Na mama sikuwahi kumsamehe, maana hata kwangu mwenyewe sikuwahi kukiri kwamba nina la kumsamehe.

Nilipogeuka, Mama Dobi alikuwa amekaa juu ya ndoo. Sikuwahi kumwona amekaa. Nilitegemea aniambie samehe, kama wote. Hakusema hivyo.

"Simsemei mama yako," alisema. "Sikumjua. Najisemea mimi. Mimi pia niliwahi kusimama nje ya mlango hivyo. Mume wangu alikuwa anampiga binti yetu ndani, na mimi nimesimama na kanga mdomoni. Niliogopa. Wewe hukukosea kusema, na binti yangu hakukosea kulia. Tuliopaswa kufungua ni sisi."

Kisha akasema, "Pole, baba. Pole sana."

Nililia nikiwa nimeshika shuka la watu. Alisema si kitu, litafuliwa tena. Baadaye ndipo nilipojua kwamba binti yake alikaa miaka minane bila kuongea naye, na kwamba ushauri aliusomea akimngoja. Siku hizi binti humpigia simu kila Jumapili, na Mama Dobi hukatisha mazungumzo na mtu yeyote ili aipokee, hata na mchungaji.

Jumamosi nilikwenda kwa shemeji. Alinikaribisha, akaniletea chai, kisha akaketi katikati yetu kama refa. Mke wangu akamwambia, "Dada, una nguo jikoni?"

"Nguo zikae jikoni kufanya nini?"

"Basi nenda ukazitafute."

Alipotoka nikamwambia mke wangu habari ya stoo na ile miguu. Niliongea nikitazama kikombe. Miaka kumi na saba ya ndoa hakuwahi kuisikia.

"Kumbe ukinuna unarudi humo," alisema. "Na mimi ninagonga miaka yote hiyo, sijui hata ni mlango gani."

"Nisamehe," nikasema. "Nilikuacha nje siku kumi na tisa. Hilo ndilo ninaloombea msamaha."

Alirudi nyumbani Jumatano. Namshukuru Mungu kwa hilo, na namshukuru Mama Dobi, ambaye angali ananipangia Alhamisi kwa sababu anasema bado sijakauka.

Wiki iliyopita tuligombana. Nilianza kununa tangu saa nne asubuhi, nikapaka dari nzima ya watu bila kusalimia mtu. Jioni nikamwambia mke wangu, "Kuna neno lako limeniuma."

"Neno gani?"

Nikalitaja.