Mashine ya Moshi na Kitambaa Chake

Utafiti wote uligharimu laki nne na elfu sitini. Nilizihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliona ni pesa nyingi mno kwa kazi ya kuwauliza watu kama moshi unawasha macho. Humo sijaweka kifua cha jirani yangu wa Kibera, ambacho hakikuwa kwenye bajeti.

Pesa zilitoka katika kituo cha utafiti cha chuo kikuu. Nilienda huko kusaini karatasi za malipo yangu, nikatembezwa vyumba vyote kama mnunuzi wa ploti. Mhadhiri akiwa na wazo, kituo kinamsaidia kuliandika mpaka lipate mfadhili. Mwanafunzi akiwa hana kitu, kinampa kidogo, kinamwazima mashine, na kinamtafutia kamati ya kuhakikisha hatamdhuru mtu. Kwenye kona, na feni yake, anakaa mama wa takwimu. Hesabu za kila mmoja lazima zipitie kwake. Huyo nilimpenda papo hapo, maana aliletewa chenji ya chai akaihesabu mara mbili.

Mimi nauza sufuria na majiko yaliyokwisha tumika. Lakini mtafiti akiingia Kibera bila mwenyeji, atauziwa majibu. Kuna nyumba zimeulizwa maswali mpaka zinajua jibu gani linaleta sabuni na lipi linaleta unga. Ndiyo maana nikakodiwa na kijana mmoja wa Machakos aliyekuwa akisomea shahada ya pili, mpole, viatu vimepigwa rangi kana kwamba anaenda kuposa.

"Nitakulipa mia nane kwa siku," akaniambia.

"Ya Kibera ama ya Kawangware?"

"Zote mbili."

"Buda, hizo ni siku mbili ndani ya moja. Elfu moja na mia sita."

Tulikutana kwa elfu moja na mia mbili, na chai yake.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Nyumba ishirini za Kibera zingepewa jiko jipya la kuni lenye feni ndogo ubavuni, lisilotoa moshi mwingi. Nyumba ishirini za Kawangware, upande wa mitaa ya Kabiro na Kongo, zingebaki na majiko yao, ili ziwe za kulinganisha. Mashine sita za kupima moshi, kila moja kama redio ya mkononi, zingezunguka nyumba kwa nyumba, wiki moja kila mahali. Mashine zikionyesha kwamba hewa ya Kibera imekuwa safi kuliko ya Kawangware, kituo kingewaachia wa Kibera majiko moja kwa moja, na kuomba pesa za kununulia wale wengine. Zisipoonyesha, majiko yangerudi. Yalikuwa mali ya kituo, na kila moja lilikuwa na namba chini ya kitako.

Jirani yangu anauza mandazi mlangoni pake. Alikuja Nairobi kutoka upande wa Kakamega akiwa msichana wa kwaya, na miaka ya kupikia mabaki ya mbao ilimnyang'anya sauti yote akabaki na kikohozi. Alikuwa akikohoa, tunagonga ukuta ili apunguze, naye anagonga pia kutujibu. Alipopata jiko la feni, mwezi haukuisha kabla hatujaanza kulala. Jumapili moja nikamsikia anaimba sauti ya kwanza akimwogesha mtoto. Akaniletea jiko lake la zamani.

"Niuzie hili, jirani. Sitaki kuliona tena."

"Subiri kwanza wamalize kupima."

"Wapime nini? Hunisikii ninavyopumua?"

Nililiuza kwa mtu wa vyuma vikuukuu, akaliyeyusha. Bei ilikuwa mbaya, ila mbele yake nilijifanya nimeshinda.

Sasa, yule kijana alikuwa na maneno aliyoyasema kila alipoacha mashine. Aliyasema Kibera, akayarudia Kawangware, kwa sauti ileile ya mtu anayekabidhi mtoto mchanga: "Mama, hii kitu ni elfu themanini. Ikiingia uchafu ikaharibika, kituo kitanidai mimi, na masomo yataishia hapo." Akina mama walimtazama viatu vyake, wakamhurumia. Mtoto wa watu.

Nyumba zetu zina desturi moja, kwamba chenye thamani hufunikwa. Runinga ina kitambaa chake cha kufumwa, redio ina chake, mtungi wa maji una chake, hata kiti ambacho hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Kwa hiyo mashine nayo ikapewa kitambaa. Taa yake ya kijani ilionekana vizuri kupitia matundu ya uzi, na kila tulipopita tuliiona inawaka. Kijana alipiga hata picha, akasema inapendeza. Yeye mwenyewe amelelewa katika nyumba ya vitambaa, na macho yaliyolelewa hivyo hayavioni. Mimi pia nilikitazama wiki nzima, nisikione.

Siku ya kurudisha matokeo, kituo kilituletea gari, tukapewa chai na sambusa mbili kila mtu. Jirani yangu alivaa gauni la kanisani. Profesa anayemsimamia kijana akasimama mbele, akatuonyesha mistari miwili ukutani. Yote ilikuwa imelala chini kama mbwa wa mchana.

"Hakuna tofauti," akasema. "Majiko mapya hayakupunguza moshi."

Jirani yangu akainua mkono. "Profesa, mimi nilikuwa nikikohoa majirani wanagonga ukuta. Sasa sikohoi."

"Asante, mama. Hiyo ni hadithi yako na tunaiheshimu. Lakini wenzako wa Kawangware wanatumia majiko ya zamani, na hewa yao ni safi kama yako."

"Safi?" akasema mama mmoja wa Kongo. "Prof, karibu kwangu saa kumi na mbili jioni. Uje na leso."

Ukumbi ukacheka. Mama wa takwimu hakucheka. "Hewa hii ni safi kuliko ya ofisi yangu," akasema. "Nilimwandikia kijana hivyo wiki mbili zilizopita, akanijibu kwamba mashine zilitunzwa vizuri sana." Akamwambia aonyeshe picha ya mashine ikiwa kazini. Kijana akaiweka ukutani, kubwa, nyumba ya jirani yangu yote na kona zake.

"Hicho kilicho juu ya mashine ni nini?"

"Kitambaa," jirani yangu akajibu, na nilimwona amefurahi. "Nilikifuma mwenyewe."

"Na chini ya kitambaa?"

"Karatasi ya nailoni. Si alituambia ikichafuka atafukuzwa shule? Niliifunga kabisa, moshi usiingie hata kidogo."

Mama wa takwimu akawageukia wa Kawangware. "Na nyinyi?"

"Sisi," akasema yule wa Kongo, "tuliweka nailoni mbili."

Profesa alivua miwani. Hakuwatazama akina mama. Alimtazama kijana, mbele ya watu sitini na sambusa zao. "Hukuona?"

"Niliona, prof. Nilidhani ni cha nyumba."

"Basi umeniletea hewa ya ndani ya nailoni. Utaanza upya, na kitu kingine. Sio kwa pesa zetu."

Kijana akakaa. Akina mama walianza kumwombea msamaha wote kwa pamoja, jambo lililomfanya aonekane mdogo zaidi.

Nilijaribu kupatana. Nikasema warudie wiki moja tu, nyumba sita, bila nailoni, na mimi nisilipwe. Mkuu wa kituo akaeleza kwa upole kwamba pesa za mwaka zinafungwa mwisho wa mwezi, na bila ushahidi majiko hayawezi kuachwa. "Hapa si sokoni," akaongeza.

"Ingekuwa sokoni," nikamwambia, "ungekuwa umeliwasha jiko ukanusa moshi wake kabla ya kununua mashine."

Siku chache baadaye profesa alinipigia simu. Gari lingekuja Jumatatu kuchukua majiko. Yangepelekwa Kongo, kulekule Kawangware, kwa mradi mpya wa mwanafunzi mwingine ambaye kituo kimemkubalia: kwa nini familia maskini hukataa kutumia majiko bora. Akaniuliza kama nitawatafutia nyumba. Nikamwambia nitafikiri, maana nilihitaji siku moja ya kuamua kama nimetukanwa.

Nilienda kumweleza jirani. Alikuwa anakaanga, feni inanguruma chini ya karai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza mandazi yote, moja moja, upande wa pili.

"La zamani ulisema liliyeyushwa?"

"Liliyeyushwa."

Akafuta mikono kwenye leso. "Basi nishauri, wewe unayejua kusema na hawa watu. Vyumba vya Kongo siku hizi ni pesa ngapi? Na nikihamia huko kabla ya Jumatatu, nikawaambia nalikataa hili jiko, nalikataa kabisa, wataniachia nilikatae kwa muda gani?"