Ng'ombe wa Babu Ruhara

Kila harusi ya ukoo wetu hapa Ngara, Baba Mdogo Deo husimama kumsifu babu yake Ruhara, chifu wa Gahanga kule Rwanda, mwenye ng'ombe wa kufunika kilima. Binti wa Baba Mdogo alipoposwa, mshenga kutoka Kigali alicheka: "Gahanga? Chifu gani huyo?" Baba Mdogo akaapa kuleta ushahidi kabla ya harusi. Nikajitolea kumsindikiza, na sifichi: nilikwenda ili nicheke.

Alfajiri tulivuka mpaka pale Rusumo, yeye akiwa na suti na kofia ya pama. Kigali tukachukua pikipiki hadi Kacyiru, helmeti kichwani, pama kifuani kama mtoto mchanga.

Kwenye ofisi ya kumbukumbu za serikali tulipokelewa na karani, dada aliyekulia Tanzania kama sisi. Akafungua karatasi za sensa ya zamani.

"Ruhara, mkulima. Mbuzi mmoja."

"Na ng'ombe?"

"Hawajaandikwa, mzee."

"Labda walikuwa malishoni."

"Wote?"

Nikajifanya nakohoa. Kitabu cha ardhi kikatoa shamba la viazi vitamu. Faili la mirathi likamaliza kazi: wanawe waligawana jembe na yule mbuzi, kisha jirani mjane akalalamika kwamba marehemu alikuwa akisogeza ua wa minyaa kila masika, akila shamba lake kidogo kidogo. Baba Mdogo alivua pama.

Mchana tulifika Gahanga. Kati ya nyumba mpya za vigae bado kuna matuta ya viazi. Tulielekezwa kwa Bibi Verediana, binti wa yule mjane. Alimtazama Baba Mdogo kichwani, akasema kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kinyarwanda:

"Masikio iko ya Ruhara kabisa! Mumereta shamba ya mama?"

Baba Mdogo, ambaye sijawahi kumsikia akiomba radhi, aliinamisha kichwa. "Tusamehe, mama. Hatukujua."

Bibi akacheka hadi akakohoa, kisha akampa jembe. "Rima kwanza."

Akavua koti, akalima. Bibi alikaa kwenye kigoda, akimkosoa kila tuta. "Ruhara iko mwizi, rakini alijua kurima. Mvua ikikataa, viazi yake inakubali. Mwaka ya njaa alitulisha sisi wote."

Baba Mdogo akasimama, jasho likimtiririka. "Alijua kweli?"

"Sana. Wewe hujui."

Hapo hamu yangu ya kucheka iliisha. Jioni Baba Mdogo alimwalika Bibi harusini, nami nikamwonya Baba Mdogo njiani kuwa sasa hataweza kudanganya.

Siku ya harusi Bibi Verediana aliketi mbele kabisa, karibu na mshenga. Baba Mdogo akasimama, akakohoa, akamtazama Bibi.

"Babu yangu Ruhara," alisema, "alikuwa mkulima. Alilima sana. Alilima hata pasipo pake."

Bibi alikuwa wa kwanza kupiga kigelegele. Nimehudhuria harusi zote za ukoo huu, na siku ile ndipo nilipojifunza kwamba babu mwenye mbuzi mmoja anaweza kupigiwa makofi mengi kuliko chifu.