Mashine ya Kupoza Samaki wa Marehemu Baba

Baba alipostaafu serikalini alinunua tangi la vioo refu kama kochi, akaliweka sebuleni kwetu Mawaleh, hapa Maskati, akalijaza maji ya chumvi na samaki wa rangirangi. Mama alilichukia tangu siku ya kwanza. "Samaki wa kutazamwa!" alikuwa akisema kila akipita na sinia. "Sisi kwetu Unguja samaki akiingia ndani anakwenda jikoni." Baba alicheka tu. Aliijua hali ya maji ya tangi lake kuliko alivyoijua presha yake mwenyewe, na presha ndiyo iliyomwondoa.

Mama alipotoka eda hakurudi kuwa yule tuliyemjua. Alikalia kiti cha Baba mbele ya tangi, mtandio mabegani, akawatazama wale samaki asubuhi mpaka magharibi. Hakupika. Simu za mashoga zake hakupokea. Ukimuuliza kama amekula anasema ndiyo, ukienda jikoni unakuta sahani kavu. Mimi, mwanawe wa mwisho, ndiye niliyebaki naye ndani ya nyumba. Dada yangu ameolewa Fujeira, upande wa pili wa mpaka, na yeye alikuwa ameshasema Mama ahamie kwake. Mama alikataa. Dada akaamini mimi ndiye niliyemtia maneno, na kutoka hapo tukawa tunatumiana salamu za Ijumaa kwenye simu na basi.

Mashine ya kupoza maji ilikufa katikati ya joto, wakati Maskati hata usiku haupumui. Nilikuwa kazini, wizarani Al Khuwair, simu ikalia. Mama, ambaye kwa miezi hakuwa amempigia mtu yeyote.

"Samaki wanahema juu ya maji," alisema. "Njoo."

Fundi aliyekuja aliifungua mashine, akaitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa asiye na tamaa ya kupona, akaifunga. Kipuri chake hakipatikani tena, alisema, itafutwe mpya. Duka moja lilikuwa tayari kuniagizia kwa bei iliyonifanya nicheke nikidhani mwenye duka amekosea kusema. Nikaingia mtandaoni. Kule mashine yenyewe ilikuwa na bei ya kistaarabu, lakini ni chuma kizito, na nauli ya kuisafirisha ilikaribia bei ya mashine. Na baada ya nauli kuna ushuru wa forodha, na baada ya ushuru kuna yale malipo ya kampuni ya vifurushi ambayo hakuna anayekwambia mpaka mzigo uko mikononi mwao. Nilishayajua. Zamani kidogo niliagiza pampu ndogo ya tangi hilohilo, inaenea kwenye kiganja. Akanipigia kijana wa vifurushi: kuna ushuru. Nikalipa. Akapiga tena: kuna ada ya kuutoa mzigo. Nikalipa. Mara ya mwisho alidai ada ya kuuhifadhi, kwa sababu nilichelewa kulipa zile nyingine.

Basi nikaanza kutafuta njia. Nikitoka kazini nakaa na simu na kusoma ushauri wa watu wenye matangi, kila mmoja na ujanja wake. Mwuzaji mmoja alinitumia ujumbe kwa upole kabisa: nikitaka ataandika kwamba ni zawadi, na bei ataishusha kwenye karatasi. Nikamjibu hapana. Mimi mchana kutwa natia saini karatasi za serikali. Sikuweza kuingiza karatasi ya uongo nyumbani kwa ajili ya samaki. Mwenzangu wa ofisini aliyekuwa akisafiri nilimwomba aniletee kwenye mizigo yake. Alipouliza uzito nikamtajia, akabadilisha mazungumzo, na simlaumu.

Wakati huo wote tangi lilikuwa likipozwa kwa chupa. Nilijaza maji chupa za plastiki, nikazigandisha kwenye friza, nikawa naweka mbili tatu zielee juu ya maji. Zikiyeyuka nazitoa, natia nyingine. Nilifanya hivyo kabla ya kwenda kazini, nikaomba ruhusa mchana nikafanya tena, nikarudi jioni nikafanya tena. Barabara kuu ya kutoka Al Khuwair mchana ule unaiona inavyowaka mbele yako. Kuna siku nilifika nyumbani nikabaki garini, mikono kwenye usukani, sina nguvu ya kufungua mlango. Nikajiuliza kwa nini nisiwagawe. Kisha nikamkumbuka Mama na kile kiti, nikateremka.

Mwisho nikampigia dada. Nilikuwa nimeuzuia ulimi wangu kwa sababu ya yale ya nyuma, lakini kwao maduka ya vitu hivi yamejaa, na kwa gari kutoka kwake mpaka kwetu hakuna kampuni ya vifurushi katikati. Nilimweleza.

"Samaki wa Baba wangali hai?" aliuliza.

"Wangali."

"Nitaitafuta. Lakini njoo mwenyewe, mimi mpakani siibebi peke yangu."

Jumamosi nikaondoka baada ya alfajiri. Chupa nilimwachia Mama, nikamwonesha namna ya kuzitia taratibu maji yasishtuke. Aliitikia kwa kichwa bila kunitazama. Nikasafiri na wasiwasi pwani yote ya Batina, Suhar, Shinas, mpaka mpakani na kuvuka.

Dada alinifungulia mlango ameshavaa abaya, mkoba begani. Boksi lilikuwa ukumbini.

"Nakwenda na wewe," alisema. Nilipotaka kuuliza akanikatiza. "Nnakwenda kumuona mamangu. Kuna neno?"

"Hakuna neno, dada."

Kabla hatujaipakia akaanza kulirarua boksi. Alikuwa amepanga kila kitu. "Tuitoe. Tuipake vumbi. Ukiulizwa sema kuukuu, inatoka kwangu, mimi nimeichoka. Mpya watakutoza."

"Dada, risiti iko wapi?"

"Nimeificha."

"Nipe."

"Wewe hujabadilika," alisema, lakini akaitoa kwenye mkoba. Tukaipakia mashine na boksi lake lililoraruka nusu, hata haieleweki ni mpya au kuukuu.

Mpakani, upande wetu, askari wa forodha aliashiria nifungue nyuma. Akaliinamia boksi.

"Hii nini?"

"Kuukuu," dada alidakia kutoka kiti cha mbele, hata swali halijamfikia. "Yangu mimi, ya zamani."

"Mpya," nikasema mimi. "Imenunuliwa juzi. Risiti hii hapa. Ni ya kupoza maji ya samaki wa mama yetu."

Askari alinitazama mimi, akamtazama yeye.

"Kupoza samaki?" alisema. "Si mwatie friza tu?"

"Wako hai."

Alicheka mpaka akamwita mwenzake aje asikie. Kisha akaisoma risiti, akasema kodi ya dukani imeshalipwa kule, kitu ni kimoja, cha nyumbani, yeye siku ile hana haja nacho. Akafunga mlango wa gari kwa mkono wake na kututakia safari njema. Nilikuwa nimekosa usingizi juu ya jambo hili, nimejibizana na wauzaji wa nchi za mbali, na mwisho wake ulikuwa mtu mmoja kucheka. Sikufurahi hata kidogo. Nilihisi kuchoka tu, kuchoka kwa yale yote yaliyotangulia.

Tukapita Shinas. Ndipo dada akaanza kucheka na yeye, akafuta macho kwa ncha ya shela. "Umenitia haya mbele ya watu," alisema.

"Ulisema kabla hajakuuliza."

"Nilikuwa na hofu."

Tuliingia Mawaleh alasiri. Kabla sijafungua mlango nilisikia harufu ya bizari na kitunguu kinachokaangwa. Nikadhani inatoka kwa jirani. Dada akaniwahi kuingia.

Mama alikuwa jikoni. Kanga amejifunga kiunoni, mikono imelowa mpaka viwikoni, na sakafu kutoka friza mpaka sebuleni imejaa madimbwi. Alipomuona binti yake hakushangaa wala hakumkumbatia. Alimpa chupa ya barafu.

"Tia hii upande wa kushoto," alisema. "Taratibu. Wamenisumbua leo hawa!"

Chupa zangu hazikumtosha, alitueleza. Akajaza nyingine, friza haina nafasi, imejaa nyama niliyokuwa nikinunua na haipikwi. Basi akaitoa nyama. Na nyama ikishayeyuka hairudi, itakuwaje? Akaipika. Alilisema hilo kwa hasira, kama mtu aliyelazimishwa.

Tulikula pilau sebuleni, chini, watatu, mbele ya tangi. Dada alikula ameinamisha kichwa. Baadaye akasema, "Mama, chumvi imezidi."

"Mkono umesahau," Mama alimjibu.

Niliifunga mashine kesho yake. Ilivuma kidogo, maji yakaanza kupoa yenyewe. Mama alisimama nyuma yangu, kanga bado kiunoni.

"Kwa hiyo chupa basi?"

"Basi, Mama. Pumzika."

Hakuonekana kupenda neno lile. Alikwenda kwenye kile kiti, akakaa, kisha akainuka akaenda kuuliza dada anataka chapati au mkate wa kumimina. Dada alikaa nasi wiki nzima. Lile la Mama kuhamia Fujeira hakulitaja tena, wala mimi sikuliuliza.

Yule samaki wa manjano, ambaye Baba alimpenda kuliko wote, alikufa hata hivyo, joto lilishamwingia. Mama alimtoa kwa upawa, akamfunga kwenye karatasi, akanifuata niliko.

"Kama huyu wanapatikana wapi?"

Nilimwambia hapa hawapatikani, huagizwa nje, na samaki hai ana vibali na nauli ya ndege.

"Haya, utaangalia," alisema.

Nikasema nitaangalia. Mpaka leo sijaangalia.