Mashine Iliyogoma kwa Bwana Joram

Mashine ilinguruma vizuri. Chuma kikasogea mbele polepole kama kawaida, kikagusa gogo la mkorosho, kikasimama.

Tuli.

Gogo halikupata hata mkwaruzo.

Mashine ileile iliyokuwa ikipasua mvinje kama mtu anayevunja biskuti! Na injini ilikuwa inaimba tu, haina habari na mtu.

Hiyo ni 1984, kwenye yadi ya kuni pale Kikambala. Huyu Musembi nitakayemsimulia ni baba yangu mzazi, na Nduku ni mama. Nitawaita kwa majina yao, maana nikianza baba, mama, sitafika mwisho bila kulia.

Haya, twende.

Musembi alitoka Machakos kuja pwani kutafuta riziki. Akapata kazi ya ufundi kwa Bwana Joram, mtu wa bara kama yeye, aliyekuwa akiuzia kuni mahoteli na mabekari. Vibarua sita walikuwa wakipasua magogo kwa shoka kutwa nzima, jioni hawawezi kunyoosha mgongo.

Musembi akawaonea huruma. Akaunda mashine.

Jeki ya tipa lililooza. Pampu ya trekta. Injini ya kuvutia maji. Tangi la oili alichomelea mwenyewe. Nduku ndiye aliyekuwa akimshikia vyuma, akimpa spana, akiuliza hiki ni cha nini na kile ni cha nini, mpaka akajua kila kitu kinakaa wapi.

Valvu ya presha nayo Musembi aliichonga kwa mkono. Ndani yake mna springi, juu yake bolti. Nguvu ikizidi, springi inabonyea, njia inafunguka, oili inarudi kwenye tangi, watu wanabaki salama.

"Bolti hii mtu asiiguse," aliwaambia wote. "Ukiikaza zaidi, paipu itapasuka."

Joram alitaka magogo makubwa zaidi. Siku moja Musembi akiwa ametumwa Kilifi, Joram akachukua spana, akakaza.

Kazungu, kibarua aliyekuwa akiendesha mashine, alimwona kwa macho yake.

Musembi aliporudi akasikia mashine inalia vibaya. Akainama kuangalia.

Paipu ikapasuka. Oili ya moto ikampiga usoni.

Jicho la kulia lilikufa siku hiyohiyo. La kushoto likabaki na ukungu. Mwanga anauona, vivuli anaviona, basi.

Lakini si hilo lililomchoma zaidi.

Joram alisimama mbele ya chifu na vibarua wote, akasema: "Fundi alikuwa amelewa. Na mashine yenyewe kaitengeneza ovyo."

Musembi! Mtu ambaye pombe ya mnazi hajawahi hata kuinusa kwa kupenda!

Kazungu ana watoto watano. Akatazama chini, akanyamaza. Musembi akafukuzwa kazi. Paipu ikabadilishwa, bolti ikarudishwa mahali pake, mashine ikaendelea bila yeye.

Akawa mtu wa kukaa kwenye kigoda, mgongo ukutani. Ukimwona utadhani amepumzika. Kumbe kila siku alikuwa anamuua Joram kichwani, na kila siku kwa njia tofauti.

Na kilichomzidishia hasira ni Nduku. Asubuhi anafunga leso yake, anabeba mahamri na birika la chai, anakwenda kuuza. Wapi? Yadini kwa Joram!

"Unamlisha mtu aliyenipofusha?"

"Watoto watakula nini, Baba Mueni?"

Siku mbili hakumsemesha.

Mwezi wa tano tangu aungue ndipo mashine ikagoma. Joram akaleta fundi kutoka Malindi, anaitwa Faki. Faki akasema pampu imechoka, ikabadilishwa. Wapi! Akaja mwingine, akabadilisha sili zote za jeki, ile mipira inayozuia oili isivuje. Bado. Hoteli kubwa ikamwambia Joram lori lao linakuja Jumamosi. Likirudi tupu, wanatafuta mtu mwingine.

Alhamisi Joram akabisha hodi kwa Musembi. Ameshika pakiti mbili za sukari.

"Fundi, habari za siku nyingi?"

Musembi hakunyoosha mkono kuzipokea.

"Fundi, yaliyopita tuyaache. Mashine yako imekosa nguvu. Imewashinda wote."

Musembi alihisi moyo unamdunda mpaka masikioni. Sio huruma. Furaha! Maana palepale njia ilimjia. Ataikaza ile bolti mpaka mwisho. Kisha atamwambia Joram, njoo, inama hapa, angalia kwa karibu.

"Nitakuja kesho," akasema. "Nduku atakuwa macho yangu. Na vibarua wote wawepo."

Nduku alikuwa jikoni akikuna nazi. Mbuzi ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

Ijumaa asubuhi wakafika. Vibarua wamekaa juu ya magogo, wanangoja.

Musembi akachovya kidole kwenye tangi. Akasugua oili, akanusa. Haina povu, haijaungua.

"Washa. Weka gogo."

Kazungu akawasha. Chuma kikagusa gogo, kikasimama. Musembi akainamisha sikio.

"Mnasikia injini? Mashine ikisukuma gogo, injini huguna. Hii haigunii kitu. Oili inatoroka kabla haijafika kazini."

Akaamuru jeki isukumwe mpaka mwisho. Nduku akafungua paipu ya mbele, Kazungu akaendelea kuisukuma.

"Inatoka oili?"

"Hakuna. Pakavu."

"Basi sili nzima, zingekufa oili ingevujia hapo. Faki na mwenzake wamekula pesa ya bure."

Vibarua wakacheka. Joram hakucheka.

Musembi akapapasa mpaka paipu inayorudi kwenye tangi. Akatoa mkono haraka. Moto!

"Hapa ndipo inapotoroka. Zima. Nduku, fungua valvu."

Hapo ndipo alipokuwa akipangoja. Spana ilikuwa tayari mkononi mwake. Nduku akafungua, akamwekea springi kiganjani.

Musembi akaibonyeza kwa kidole gumba.

Ikalala kama mkate.

Hii si springi yake. Yake ilikuwa nene, ya injini ya lori, unaibonyeza mpaka kidole kinauma. Hii ni ya pikipiki. Akaizungusha. Kwenye ncha akakuta alama ya tupa, mikwaruzo mitatu. Alama ambayo yeye mwenyewe aliitia, zamani, kwenye springi aliyoitupa ndani ya kopo la vyuma chini ya kitanda chake.

Na kopo hilo lina watu wawili tu wanaoligusa.

Akageuza uso kuelekea kivuli cha mkewe.

Nduku akamsogelea, akamnong'oneza kwa Kikamba. "Ni mimi. Jumapili, walipokuwa kanisani. Nilitaka aje mlangoni kwako kwa miguu yake mwenyewe."

Miezi mitano ya mahamri. Miezi mitano anamkashifu huyu mwanamke!

Musembi akaifumba springi kiganjani. Kisha akasimama wima.

"Bwana Joram, ugonjwa nimeupata. Ila nina swali moja. Siku ile nilipoungua, ni nani aliyeikaza bolti hii?"

"Fundi, si tulisema yaliyopita..."

"Nduku, kusanya vitu. Twende."

"Ngoja! Ngoja, fundi." Joram akatazama barabarani, akatazama vibarua. Jasho linamtoka. "Ni mimi."

"Sema wasikie."

"Ni mimi niliyekaza! Fundi hakuwa amelewa. Haya, mnataka nini tena?"

Kazungu akajifunika uso kwa mikono. "Nilimwona," akasema. "Nilimwona, fundi, nikanyamaza."

Musembi akairudisha ile springi mbovu ndani ya valvu. Akafunga vizuri kabisa, akapangusa mikono.

"Springi imekufa. Tafuta nyingine."

"Niipate wapi, na lori ni kesho? Si wewe ndiye uliyeitengeneza hii valvu?"

"Ndimi."

Akashika bega la mkewe, wakaondoka. Nyuma Joram anaita, anaahidi, anatukana. Hawakugeuka.

Njiani Musembi akamwambia, "Nilikuwa nimekusudia kuikaza ile bolti. Nimwite ainame."

"Najua. Unaota kwa sauti." Nduku hakupunguza mwendo. "Nilijua siku akikuita utataka kuikaza. Ile springi ya pikipiki hata ungeikaza mpaka kesho isingepasua kitu. Mume kipofu naweza kuishi naye. Mume wa jela siwezi."

Musembi akasimama katikati ya njia. Akacheka, mara ya kwanza tangu aungue. Akacheka mpaka machozi yakatoka, hata kwenye jicho lililokufa.

Ningeishia hapa mngepiga makofi. Lakini haikuishia hapo.

Lori la hoteli lilirudi tupu. Miezi mitatu baadaye yadi ikafungwa. Joram akarudi bara, wala hakuwahi kujua ni nani aliyemgusia mashine.

Wiki moja baada ya yadi kufungwa Kazungu akaja nyumbani. Hakukaa.

"Fundi, haki yako umeipata, nami nimefurahi," akasema. "Lakini watoto wangu wamerudishwa kutoka shule, na jana tumelala na maji ya muhogo. Sisi tulikukosea nini? Sawa, mimi nilinyamaza. Na wale wengine?"

 Usiku huo Musembi na Nduku waliwahesabu wale sita, mmoja mmoja.

Kesho yake walimtafuta Kazungu. Mashine ilikuwa imeachwa kwenye matope, hakuna aliyeitaka. Wakaikokota kwa mkokoteni mpaka uani kwetu. Nduku akairudisha kwa mkono wake ile springi nene aliyokuwa ameificha, Musembi akakaza bolti mahali pake, wala si zaidi. Tangu hapo kuni za mabekari zikawa zinatoka kwetu, na kila mtu anapata fungu lake.

Lakini kati ya vibarua sita walirudi watatu tu. Wengine walikuwa wameshatawanyika, na mmoja wao, Dzombo, hatukupata kujua alielekea wapi.

Kwa hiyo wewe unayemwekea mtu kisasi rohoni, mwili wake usiuguse. Mlazimishe aseme ukweli mbele ya walewale aliowadanganya. Hilo linauma kuliko oili ya moto. Ila kabla hujamwangusha, tazama vizuri ni nani wengine wanaokula mezani kwake.

Mama sasa ni mzee sana. Mwaka jana nilimuuliza kama anajuta.

"Kwa Joram, hapana," akasema. "Hata kidogo."

Akaikaza leso yake kiunoni.

"Kwa Dzombo, kila siku."