Safari Waliyodhani ni ya Makka

Nilitaka kwenda Algeria, basi. Mimi ni mwalimu wa historia, na nimechoka kuwachorea watoto wa watu miji ya Warumi ubaoni kwa chaki. Mwalimu mwenzangu alinionyesha picha kwenye simu: mji mzima wa mawe kando ya jangwa, milango imesimama bila nyumba, na mtalii hata mmoja haonekani. Nikasema huko ndiko. Tukaanza kupanga mambo ya viza, joto la huko, na kama tutachukua chumba kimoja au viwili, kwa sababu yeye anakoroma. Nilifurahi kama mtoto wa sikukuu, sikufichi.

Nikampigia mama simu, yuko kwetu Ndera, kijijini kando ya mto.

"Mama, likizo hii nasafiri. Naenda jangwani, nchi ya Waarabu, kwa ndege. Kuna mambo ya kale sana huko."

Nikasikia analia. "Alhamdulillahi," akasema. "Uje kwanza nikuone."

Ningemuuliza analilia nini. Lakini kengele ya kipindi ilikuwa imelia, na mimi nikiwa na haraka hata mama yangu mzazi namkata maneno. Nikamwambia haya, nakuja.

Nilishuka Garsen, nikachukua bodaboda mpaka kijijini. Uani nikakuta mikeka imetandikwa, pilau iko motoni, na wanawake wa kijiji wamekaa na leso zao nzuri. Nikauliza hata kabla ya salamu:

"Nani amekufa?"

"Afe nani tena! Tumekuja kukuaga wewe, hajjat!"

Kwetu mtu anayekwenda Makka haondoki hivi hivi. Watu huja kutakana naye radhi, na kila mmoja humpa dua yake aende nayo. Na mwanamke wa huku akisema anapanda ndege kwenda kwa Waarabu, ni mambo mawili tu: kazi za nyumbani, au Makka. Mwalimu mwenye mshahara wake hawezi kwenda kuosha masufuria ya watu. Kwa hiyo mama hakuwa na haja ya kuniuliza, na akatangaza.

Wa kwanza kunishika mikono alikuwa mama mmoja mfugaji wa Kiorma, jirani yetu anayetuletea maziwa. Mwaka ule ng'ombe wao walipoingia kwenye mahindi ya mama nilimtukana mpaka sauti ikanikauka, na tangu siku hiyo sikumsalimia. Sasa amekuja na kibuyu cha maziwa.

"Nisamehe, binti yangu," akasema. "Na Mtume umfikishie salamu zangu."

Mimi ndiye niliyetukana, na yeye ndiye anayeniomba msamaha! Hapo hapo ningesema kwamba siendi Makka. Badala yake nikajibu "Inshallah", nikaingia ndani kumtafuta mama.

Mama alikuwa chumbani ameinama, anavuta mfuko chini ya kitanda. Akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Ilikuwa sanda yake.

"Mafuriko yalipokuja sikubeba kitu kingine," akasema. "Nguo, vyombo, vyote vilikwenda na maji. Hii niliiweka kichwani. Lakini tope liliifikia, ona." Akanionyesha doa la hudhurungi, pana kama kiganja. "Nimeifua, haitoki. Uende nayo uioshe kwa maji ya Zamzam, mwanangu. Nataka nizikwe nayo imesafika."

Akaniwekea mikononi.

"Mama, mimi siendi Makka."

"Unakwenda wapi?"

"Algeria. Kutazama magofu."

"Magofu ndiyo nini?"

"Nyumba za zamani zilizobomoka."

"Za kina nani?"

"Za Warumi."

"Ni jamaa zako?"

"La, mama."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alijifunga leso vizuri, akatoka uani. Nilidhani atawafichia wenzake, aniokoe. Akawaambia, "Jamani, mtoto haendi Makka. Nimekosea mimi. Kuleni, chakula hiki ni sadaka." Watu wakatazama chini. Yule mama wa maziwa ndiye aliyesema, kwa upole kabisa, "Basi salamu zangu akae nazo tu. Huenda siku moja akapita huko." Wakacheka kidogo, wakala.

Walipokwisha kuondoka, mama akaniambia nimfuate. Tukateremka mpaka karibu na mto, pale ilipokuwa nyumba yetu ya udongo kabla mama hajahamia huku juu. Nilikuwa sijafika pale tangu mafuriko. Alinitumia picha wakati ule, nami nikamjibu "pole sana mama", nikaweka na emoji ya kulia, nikarudi kusahihisha mitihani. Fremu ya mlango bado imesimama peke yake. Mafiga yamezama nusu kwenye tope lililokauka, na migomba imelala juu ya kile kilichokuwa chumba changu.

"Hapa ndipo nilipokuzalia," mama akasema. "Haya, tazama. Hapa hakuna viza."

Nililia, wallahi, nikiwa nimesimama pale mtu mzima na shahada yangu. Niliona aibu ya kila kitu: ya picha zile, ya furaha yangu, ya pole niliyoiandika kwa kidole kimoja.

"Mama, nitabadilisha tiketi. Nitakwenda Makka, nitaiosha."

"Usiende kwenye nyumba ya Mungu kwa kunionea haya mimi," akasema. "Nenda kwa Warumi wako. Nipe sanda yangu."

Hata sikujua kwamba muda wote huo nilikuwa nimeikumbatia. Nikampa. Akaikung'uta, akaikunja upya doa likiwa ndani, akaitia kwapani.

"Nitamtafuta anayekwenda," akasema, akatangulia kurudi nyumbani.